Maji ya Kurudisha Neno

Mjukuu wangu anacheza mpira Uturuki, na kazi yake huko ni moja: kutia mabao. Watu wa mtaa wetu wa Katuba wakiniuliza, nawajibu hivyo bila kuinamisha kichwa, kama mwingine anavyosema mwanawe ni daktari au padri. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nimekuwa katekista wa parokia yetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya kustaafu nilikuwa fundi katika karakana ya reli, kama baba yangu aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga kufuata kazi ya treni. Nyumbani kwetu mtu alijulikana kwa kazi ya mikono yake na kwa sala yake. Mpira ulikuwa mchezo wa watoto wa kiume, tena baada ya Misa.

Namshukuru Mungu kwa kunipa umri wa kutosha kuona nilipokosea. Wengine hufa kabla.

Mtoto huyu tulimlea mimi na mke wangu. Mama yake, binti yetu, alikuwa akiuza vitenge Kambove na kurudi mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mtoto alikulia katika lupango, ndivyo tunavyoita ua wa nyumba hapa Lubumbashi, na lupango yetu ni nyembamba. Juu zimepita kamba za kuanika nguo. Pembeni kuna mbabula, jiko la makaa, na juu ya mbabula daima kuna sufuria ya maharagi. Mke wangu alimwekea mtoto sheria mbili: mpira usiguse shuka zangu, na mpira usiguse sufuria yangu. Akiivunja moja, mpira ulikatwa kwa kisu cha jikoni. Mipira miwili ilikufa hivyo. Wa tatu haukufa, kwa sababu mtoto alikuwa amejifunza kupiga chini kabisa, karibu na ardhi, katika ile nafasi ndogo kati ya ukuta na mbabula. Nimeuona mpira ukipita chini ya stuli ya mke wangu, naye ameikalia, anachambua mchele, asijue.

Kwetu babu na mjukuu hutaniana, hiyo ni haki yao. Mimi nilimwita bibi yangu, maana yake mke wangu, naye alimwita mke wangu wa kweli mukemwenza. Asubuhi nilisikia mazungumzo yao nikiwa bado kitandani.

— Mukemwenza, bwana yetu ameamuka?

— Ameamuka, lakini hana meno ya mukate. Umukamate weye, miye nimechoka naye.

— Hapana, hapana. Miye nitapata mwenye meno!

Kugomba ni kazi ya baba na mama. Kazi ya babu ni kutania na kubariki. Ndiyo maana babu akikasirika kweli, neno lake huwa zito kuliko la baba, maana halikuzoeleka. Jambo hilo nililijua tangu utotoni. Siku nilipotakiwa kulikumbuka, sikulikumbuka.

Alikuwa na miaka kumi na tano. Jumapili ile watoto wangu wa katekisimu walikuwa wanapokea komunyo ya kwanza, kanisa limejaa hadi barazani, na nilikuwa nimemchagua yeye asome somo la kwanza. Wiki nzima alilisoma kwa sauti akitembea lupangoni. Mke wangu alimshonea robe nyeupe, yaani gauni. Ilipofika saa ya somo, mahali pake palikuwa patupu. Nilipanda mwenyewe, nikasoma, na sauti yangu ilitetemeka. Watu walidhani ni uchaji.

Baada ya Misa nilikwenda moja kwa moja kwenye kiwanja kilicho kando ya reli, nikiwa bado na suti. Yeye na wenzake walikuwa wakicheza na wasichana wa mtaa wa Ruashi. Robe nyeupe ilikuwa juu ya jiwe, imekunjwa vizuri, viatu vimewekwa juu yake ili upepo usiichukue. Niliiona. Niliiona na nikaipita. Niliingia katikati ya kiwanja, nikaokota mpira kwa mikono, mchezo ukasimama.

— Kambo, alisema mjukuu wangu, maana ndivyo tunavyoitwa sisi mababu, kambo, inabakia paka dakika kumi.

Dakika kumi tu aliomba. Nikamjibu mbele ya timu zote mbili na mbele ya wote waliokuwa wamekaa pembeni:

— Miguu hii yako haitakufikisha mahali. Hata siku moja.

Pembeni ya kiwanja kulikuwa na mama mmoja aliyeuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Aliinuka, akaja kwangu na kikombe cha maji safi.

— Baba katekista, umesema ya miguu. Kamata mayi, usukutue kinywa, uteme chini. Rudisha ile neno, mutoto angali hapa.

Wasomaji wa kwetu wanaielewa desturi hiyo. Neno la mzee juu ya mwili wa mtoto haliachwi njiani. Akilisema kwa hasira, huchukua maji, husukutua kinywa, hutema chini, na hutamka mbele ya wale wale waliosikia kwamba neno lilitoka katika hasira wala si moyoni. Kisha hupuliza maji kidogo juu ya mtoto, iwe baraka, na jambo limekwisha. Bibi yangu mzaa baba alifanya hivyo mara nyingi, maana alikuwa na ulimi mkali. Lakini mimi nilikuwa nimewafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kwa ubatizo, kwa miaka mingi kwamba Mkristo hana haja ya mambo hayo, na sasa walikuwepo pale wakinitazama.

— Mama, nilimjibu, miye ni Mukristo. Sala inatosha.

Nikausukuma mkono wake. Maji yakamwagika vumbini. Na ukweli ni kwamba hata hiyo sala niliyosema inatosha, siku ile sikuisali.

Mjukuu wangu alivaa robe juu ya kaptura yake, akanifuata nyumbani, hatua kumi nyuma yangu. Wiki moja baadaye alikuwa tena akinitania kuhusu meno. Nilidhani yamekwisha.

Hakuacha mpira, nami sikumzuia tena. Alicheza hapa mjini, halafu akavuka mpaka pale Kasumbalesa kwenda Zambia, akacheza misimu miwili katika miji ya shaba ya upande ule. Kwetu hilo si ng'ambo hasa. Shangazi zake walikuwa wakienda kumtazama na kurudi na sukari. Kisha Uturuki wakamwona, wakamwita. Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, aliinamisha kichwa mbele yangu. Nikamchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso, nikasali Baba Yetu. Alibaki ameinama kidogo, kama anayengoja kitu kingine. Nilifikiri anaogopa ndege.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa furaha. Mechi zao zilionyeshwa kwenye simu, na mke wangu ndiye anayeijua simu. Mimi huishika kama mtu anayeshika samaki aliye hai. Tuliketi kwenye ngazi ya mlango, mahali mtandao unapokuja, tukamtazama akikimbia katika baridi amevaa glavu. Alikuwa wa pekee kwa namna moja: mipira yake haikupaa. Alipiga chini, pembeni kabisa, na kipa alianguka akiwa amechelewa. Kila mara mke wangu alisema kitu kilekile:

— Amepitisha kandokando ya mbabula.

Mji wake haukuwa na kanisa la karibu. Basi Jumapili, kama hakuna mechi, alitupigia simu baada ya Misa yetu, na alisoma somo la kwanza kwa sauti, mimi nikajibu, mke wangu akaimba zaburi. Aliomba hivyo mwenyewe. Sikumuuliza kwa nini alichagua daima somo la kwanza na si la pili. Mzee mvivu wa kufikiri huita uvivu wake subira.

Msimu wa pili aliumia kifundo cha mguu wa kushoto. Alikaa nje miezi mingi. Aliporudi uwanjani alikimbia vizuri, alipokea mpira vizuri, alifika mbele ya lango, na hapo kila kitu kiliharibika. Mechi moja, mbili, tano, hakuna bao. Mipira ilipita juu ya mwamba wa lango. Mkataba wake ulikuwa unaisha pamoja na msimu, na viongozi wa timu walimwambia wazi, bila ukali: tunakupenda, lakini tulikuleta kwa mabao, tukiyaona kabla ya mwisho utabaki, tusipoyaona tutatafuta mwingine. Sikuwalaumu. Mshambuliaji asiyetia mabao ni kama katekista asiyejua Salamu Maria. Lakini nilijua maana yake. Mwenye kifundo kilichoumia, aliyeachwa na timu, haitwi upesi na timu nyingine. Kazi yote aliyoianza kati ya ukuta na mbabula ingeishia pale.

Siku moja alasiri yaya, yaani dada yangu mkubwa, alikuja na kikapu chake. Yaya anauza samaki wakavu wa Pweto sokoni, na harufu humtangulia kama mpiga tarumbeta. Aliketi, hakusalimu.

— Katekista, alisema, uachilie miguu ya mutoto.

— Yaya, miye nimeshika miguu ya nani?

— Unasahau? Kiwanja ya reli. Bantu bote balisikia. Mama wa munkoyo anaelezaka mpaka leo.

— Ile ilikuwa hasira, yaya. Miaka saba!

— Hasira iko na kinywa. Na mayi, ulipewa, ukayakatala. Uliona weye ni mukubwa kupita mayi.

Nikacheka ili aone kwamba ni mambo ya kuchekesha. Mke wangu alikuwa akichuma majani ya matembele kwa ajili ya chakula, hakucheka, wala hakuinua macho.

— Mutoto naye anajua, alisema polepole.

— Anajua nini?

— Juzi aliniuliza: mukemwenza, bwana yetu alisharudisha ile neno?

Yaya alitazama kikapu chake. Hata yeye hakujua hilo.

Niseme wazi ninachoamini, maana nimelishwa imani tangu kunyonya. Siamini kwamba kinywa changu, kilichobakiwa na meno machache, kinaweza kuusimamisha mpira Uturuki. Mungu hakumpa mzee yeyote uwezo huo. Lakini sasa nilijua kwamba neno langu lilivuka mpaka pamoja na mtoto, likapanda ndege pamoja naye, na lilikuwa likikimbia naye uwanjani. Alipokuwa mzima halikuonekana. Kifundo kilipoumia, alilikuta linamngoja.

Na nililijua jambo jingine. Katika mji wetu mzee anayesemwa kwamba ameshika miguu ya mjukuu wake hana mahali pa kujificha. Leo ni utani wa dada yake. Kesho ni mawe juu ya bati lake. Nikitema maji hadharani, wengine watasema: mwaona, amekiri. Nisipotema, mtoto ataendelea kukimbia na neno langu. Nilipima mambo hayo mawili siku tatu. Nashukuru kwamba hayakukaa sawa kwenye mizani hata siku ya kwanza. Siku mbili zilizobaki zilikuwa za kiburi tu.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padri wetu ni kijana. Mimi ndiye niliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba, tena alikuwa akiifanya kwa mkono wa kushoto mwaka mzima. Siri ya maungamo humfunga padri, si mimi, basi aliyoniambia nayasimulia kwa ruhusa yangu mwenyewe.

— Baba katekista, alisema, umeomba musamaha kwa Mungu. Na kwa mutoto?

Nikamwambia mtoto yuko mbali.

— Si weye njo ulitufundisha? Ukivunja dirisha ya jirani, usiende kuitengeneza kwa padri.

Kweli, mfano ule ni wangu. Nimeutumia tangu yeye hajazaliwa.

— Na yale mayi? nikamuuliza. Nimewaambia watu miaka yote kwamba hatuna haja nayo.

— Mayi ni mayi, baba. Bwana wetu alimuponya kipofu kwa mate na udongo, wala hakuona haya. Angalia tu usiseme ulimuloga, kwa sababu itakuwa bongo, haiko kweli. Sema paka ile ulifanya.

Desturi inadai neno lirudishwe mahali lilipotoka, mbele ya waliolisikia. Basi Jumapili baada ya Misa sikungoja simu nyumbani. Nilivaa suti ileile, nikamchukua mke wangu na simu yake, yaya na mdomo wake, tukaenda kwenye kiwanja cha reli. Wasichana wengine walikuwa wakicheza, wadogo wa wale wa zamani. Mama wa munkoyo alikuwa bado mahali pake, nywele zimekuwa nyeupe.

— Baba katekista, leo unataka munkoyo ao mayi?

— Mayi, mama. Na kama kikombe iko ile ile, itakuwa muzuri zaidi.

— Ile ilishapasuka. Umechelewa.

Watu wakacheka, wakasogea. Wengine walikuwa wale wale, sasa wana watoto mgongoni. Mke wangu akapiga simu, na uso wa mjukuu wetu ukatokea, kwenye chumba chake, amejifunga shali shingoni. Aliona kiwanja nyuma yetu. Aliona kikombe mkononi mwangu. Hakutania.

Nikasema, kwa sauti ya katekista, ili wa mwisho asikie:

— Bibi yangu. Hapa niliposimama nilisema miguu yako haitakufikisha mahali. Nilisema kwa hasira, kwa sababu kanisa lilijaa na nikaona haya mbele ya watu. Haya ilikuwa yangu. Miguu yako haikunikosea. Sikukuloga, sina nguvu hiyo, wala siitaki. Lakini neno lilikuwa langu, na maji nililetewa nikayakataa kwa kiburi. Leo nalirudisha mbele ya hawa waliosikia. Nisamehe.

Nikasukutua kinywa, nikatema vumbini. Mama wa munkoyo akapiga kofi moja, kama mtu anayefunga kitabu. Kisha sauti ndogo ikatoka kwenye simu:

— Kambo, nilikuwa nakuya. Robe ilikuwa juu ya jiwe. Ilikuwa inabakia paka dakika kumi.

— Najua. Niliiona robe. Niliiona kabla ya kuingia kiwanjani.

Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata padri.

Alilia, nami nikamwacha alie. Yaya, ambaye hawezi kukaa na machozi, alimpokonya mke wangu simu.

— Sasa baraka! Mutoto, onyesha miguu. Geuza simu, tuone miguu!

Akaigeuza. Ikatokea miguu miwili juu ya zulia: ukucha mmoja mweusi, kovu kwenye muundi, kifundo cha kushoto bado kimefungwa bendeji. Nilikuwa nimeitaja miguu ile mbele ya watu, na sijawahi kuitazama. Nikanywa funda la pili, nikainama kuipulizia maji.

— Utaua simu! mke wangu akapiga kelele, akaivuta nyuma. Weye, iko kioo!

Baraka yangu ikaangukia viatu vya yaya. Hapo uwanja mzima ulicheka, na huko Uturuki pia kulicheka, na nilijua kwamba hakuna atakayepiga bati langu mawe. Huwezi kumwogopa mzee uliyemwona akimbariki mwuza samaki kwa bahati mbaya.

Kabla hajakata simu nilimwuliza jambo lililokuwa likinisumbua kama fundi, si kama katekista. Miaka yangu karakanani nilijifunza kwamba mashine ikianza kwenda vibaya baada ya kutengenezwa, uangalie mahali ilipotengenezwa.

— Bibi yangu, tangu upone unapiga juu. Nani amekuondolea shuka za mukemwenza?

Alijishika kifundo. Halafu akasema, kama anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza:

— Ni ile kifundo, kambo. Kupiga chini inaomba nikanyage nguvu na ya kushoto, niiname juu yake. Naogopa itavunjika. Nikiogopa, nasimama wima. Nikisimama wima, mpira unapanda.

— Na daktari anasema nini?

— Anasema imepona.

— Basi daktari amesema, na kambo wako amesema. Inabakia weye.

Mechi iliyofuata hakutia bao. Yaya alikuja na kikapu na kusema labda nilitema kidogo. Mechi ya pili mpira wake uligonga mlingoti, chini kabisa, na mke wangu alishika kichwa kwa mikono miwili, lakini mimi nilitulia, maana niliona alivyoinama. Niliona kifundo kile kikibeba mwili wote na kisivunjike. Nikamwambia mke wangu: mutoto amerudi. Akaniuliza bao liko wapi. Nikamwambia lina njia yake.

Lilikuja mechi ya tatu, kwenye matope, mvua inanyesha. Halikuwa bao la kuonyesha wageni. Mpira ulimgonga beki, ukamrudia, akainama na kuupiga ukiwa umefunikwa na tope, ukapita kati ya mkono wa kipa na mlingoti, polepole hata nilipata nafasi ya kusali neno moja. Mke wangu alisimama kwenye ngazi akapiga vigelegele, na majirani walitoka wakidhani kuna harusi. Msimu haujaisha alitia mengine matatu, yote ya chini. Wakampa msimu mwingine. Nimesikia wanasema huko kwamba ana namna yake ya kupiga, na wanawafundisha wasichana wadogo kuiga. Hawana mbabula, watajifunza kwa shida.

Alikuja likizo wakati wa baridi yetu, miezi isiyo na mvua, majani yamekauka na vumbi jekundu limeshika hadi kwenye mikate. Jumapili yake ya mwisho kabla ya kurudi nilimwandika tena kwenye orodha ya wasomaji, somo la kwanza. Alifika nusu saa kabla ya kengele. Alipanda, akasoma polepole, sauti imekuwa ya mwanamke. Mimi nilikaa benchi la mbele, nikajibu pamoja na wengine.

Tulipotoka aliketi kwenye ngazi ya kanisa, akavua viatu, akavua soksi.

— Bwana yangu, alisema, ile ya simu haikufika muzuri. Yaya njo aliikamata. Tangu ile siku miguu yake inaenda mbio sokoni, hakuna anayemupita.

Mke wangu alikuwa amekuja na chupa ya maji kwenye mkoba. Walikuwa wamepatana. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wakatekumeni wangu wa mwaka huu wakiwemo, wamesimama na vitabu vyao mikononi wakimtazama katekista wao. Nilishika mkono wa mke wangu, nikapiga goti moja, halafu la pili, maana siku hizi hayashuki pamoja. Nikanywa funda, nikapuliza juu ya mguu wa kulia, nikafuta vumbi kwa kidole. Nikaanza kuinuka.

— Bado wa kushoto, akasema.

Nikaomba chupa tena.